Somo: Kukokotoa umbali na muda wa ndege kati ya London na New York

Kwa kuwa swali hili hurudi kila msimu wa safari, nimeliandikia jibu moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mfano wetu ni viwanja vya ndege vya Heathrow (London) na JFK (New York).

Hatua ya 1. Umbali kwa njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia ni kilomita 5,540 hivi.

Hatua ya 2. Gawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa. Utapata saa sita na dakika kumi hivi.

Hatua ya 3. Ongeza walau nusu saa, kwa maana muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mlangoni hadi inapoegeshwa.

Hatua ya 4. Linganisha na tiketi, na hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Kila saa iliyochapishwa ni ya mahali husika. Ndege iliyoondoka London 11:00 ikafika New York 14:00 haikusafiri saa tatu: New York iko nyuma kwa saa tano, hivyo 14:00 ya huko ni 19:00 ya London, na safari ni saa nane. Vivyo hivyo, anayeondoka New York 19:00 na kufika London 07:00 kesho yake amesafiri saa saba, si kumi na mbili. Angalizo: usichanganye saa za tiketi na saa zetu za Kiswahili; toa kwanza kwa mfumo wa saa 24, kisha ndipo useme "saa tano asubuhi" ukipenda. Angalizo kubwa zaidi: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, na katikati hapo tofauti huwa saa nne. Hali hiyo hujirudia kwa wiki moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Swali: Kwa hiyo kwenda ni saa tatu? Tiketi yangu inaonyesha hivyo.

Jibu: Soma hatua ya 4.

Swali: Nimesoma, lakini tiketi haiwezi kukosea.

Jibu: Haijakosea, inaonyesha saa za miji miwili. Hata Concorde, ndege ya abiria iliyopita mwendo wa sauti na iliyoacha kubeba abiria mwaka 2003, kwa kawaida ilihitaji saa tatu na nusu hivi.

Swali: Mwalimu, ikiwa umbali ni uleule, kwa nini kurudi ni haraka?

Jibu: Swali zuri. Katika kimo zinakopita ndege kuna mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa majira ya baridi. Ukiwa wa kilomita 100 kwa saa, anayekwenda New York hubaki na mwendo wa 800 juu ya ardhi, anayerudi hupata 1,000. Tofauti inakaribia saa moja na nusu. Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways ilitoka JFK hadi Heathrow kwa chini ya saa tano. Kwa sababu ya upepo huo, njia za Atlantiki ya Kaskazini hupangwa upya kila siku na vituo vya kuongoza ndege vya Shanwick na Gander, na ndege inaweza kuzunguka kidogo ili iwahi.

Swali: Niko Dar es Salaam, nimpigie ndugu yangu saa ngapi akishatua huko 14:00?

Jibu: Sisi hatubadilishi saa. Majira ya baridi ni saa nne usiku kwetu, majira ya joto saa tatu usiku. Ongeza muda wa foleni ya uhamiaji.