Kabla ya masika: mambo ya kuzingatia ukitaka kufuatilia ndege wakizaliana

Ndege wetu hawafuati kalenda, wanafuata mvua. Huku Tanga masika huanza Machi, na nyasi zikishachipua tu, mnazi uliokuwa kimya unajaa kelele: minana madume wameshavaa manjano yao ya msimu, wanachana makuti na kuanza kufuma. Anayetafuta darubini siku hiyo ameshachelewa. Maandalizi ni ya Februari, jua likiwa bado kali.

La kwanza, chagua mti mmoja, na uwe karibu na nyumbani. Najua hamu ya kuzunguka kutafuta kila aina ya ndege, hata mimi nilianza hivyo, nikamaliza msimu nina orodha ndefu na sijaona kifaranga hata mmoja akitoka kiotani. Hondohondo wa milima ya Amani, ambaye jike hujiziba kwenye tundu la mti kwa udongo huku dume akimlisha kupitia upenyo mwembamba, anastahili safari. Ila safari hiyo isubiri. Mnana wa uani ndiye atakayekufundisha, kwa sababu utaweza kumrudia.

Na kurudi kwenyewe kunahitaji ratiba, kwa hiyo fahamu mapema mambo yatakavyokwenda. Chukua mnana mwenye kichwa cheusi. Dume huanza kwa kufuma pete ya majani, anasimama ndani yake na kuendelea kufuma kadiri mdomo unavyofika. Akimaliza hujining'iniza chini ya kiota, anapigapiga mabawa kuwaita majike. Jike huingia na kukagua. Kiota kibichi cha kijani ndicho kinachomvutia. Kikikauka bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa na kuanza upya. Ukiona viota vinaanguka chini usidhani ni uharibifu wa watoto wa mtaani. Jike akikubali, hutaga na kuatamia peke yake kwa siku kama kumi na mbili, kisha makinda hukaa kiotani karibu wiki tatu. Jumla ni kama wiki tano. Panga asubuhi mbili kila wiki, nusu saa kila moja, kabla ya saa tatu. Mtu wa kazi anaweza.

Sasa suala la umbali, na hapa naomba sana tusikilizane. Kunguru wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, wamejaa pwani yote na wanakula mayai na makinda. Kunguru ni mwerevu. Ukienda kuchungulia kiota kila mara, unaweza kumwonyesha njia. Kwa hiyo tafuta mahali pa kukaa mapema, hatua ishirini au zaidi kutoka kwenye mti, penye kivuli, uzoeleke hapo hata kabla viota havijaanza. Usikate tawi ili uone vizuri, maana tawi hilo ndilo paa na pazia lao. Usiwapigie sauti za ndege kwenye simu. Ukiona mzazi ana kiwavi mdomoni, analia na haingii ndani, wewe ndiye kizuizi. Ondoka.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha kabisa, na ya kuazima haina ubaya. Kabla ya kuinyanyua, hata hivyo, ongea na watu. Mwombe ruhusa mwenye shamba, na mwenyekiti wa mtaa ajue unachofanya, kwani mtu aliyekaa chini ya mwembe akielekeza darubini upande wa nyumba za watu huzua maneno upesi. Waeleze majirani, tena wape nao waangalie. Mara nyingi bibi mwenye nyumba ndiye anayejua minana walirudi lini mwaka jana. Buti, dawa ya mbu na mfuko wa nailoni wa kufunikia daftari ni vya lazima, mvua ni mvua.

Amua pia mapema utafanya nini ukikuta kinda chini. Akiwa hana manyoya na kiota unakifikia, mrudishe taratibu. Si kweli kwamba mama humkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Akiwa na manyoya na anarukaruka, mwache, wazazi wapo karibu. Zuia paka tu.

Daftari lako liwe na tarehe, saa, hali ya mvua, na ulichoona mdomoni mwa ndege: jani, mdudu, au kile kifuko cheupe cha kinyesi cha makinda, ambacho kikitolewa nje unajua mayai yameshaanguliwa bila kugusa kiota. Kenya kuna mradi wa Kenya Bird Map na Tanzania tuna Tanzania Bird Atlas, miradi ya kuweka kwenye ramani mahali ndege wanapoonekana, na kumbukumbu za mtu wa kawaida zina nafasi huko.

Kabla Februari haijaisha, nenda chini ya mti wako uhesabu viota vikavu vya mwaka jana. Viandike. Ukurasa wa kwanza umeshapata kitu, na mvua bado haijanyesha.