Kufuatilia maombi ya diski ndani ya kerneli ya Linux kwa blktrace

Seva ikiwa nzito na iostat (zana ya takwimu za diski) ikaonyesha await, yaani muda wa kusubiri, ya milisekunde 40, bado hujajua kosa liko wapi. Namba hiyo ni wastani wa safari nzima: muda ambao ombi la kusoma au kuandika lilikaa foleni ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), pamoja na muda ambao diski yenyewe ililishughulikia. Wapo wanaonunua diski mpya kwa kuiangalia namba hiyo tu, na seva inabaki nzito vilevile. Inabidi safari igawanywe vipande viwili, na hiyo ndiyo kazi ya blktrace, zana ya Jens Axboe iliyoingia kwenye kerneli 2.6.17 mwaka 2006.

Anza kwa kuhakikisha kerneli yako ina uwezo huo:

grep BLK_DEV_IO_TRACE /boot/config-$(uname -r)

Jibu liwe =y. Kwenye Debian na Ubuntu, `apt install blktrace` inakuletea pia blkparse ya kusoma rekodi na btt ya kuzijumlisha. Folda ya /sys/kernel/debug ikiwa tupu, pachika debugfs, mfumo wa faili ambamo kerneli huweka taarifa za uchunguzi:

mount -t debugfs none /sys/kernel/debug

Fanya kazi yote ukiwa root. Na usihifadhi rekodi kwenye diski ileile unayoipima, kwa sababu kila rekodi inayoandikwa inazaa ombi jipya, ombi hilo nalo linarekodiwa, na mwishowe unapima blktrace badala ya programu yako. Tumia /dev/shm, ambayo iko kwenye RAM:

cd /dev/shm
blktrace -d /dev/sda -w 60 -o kipimo

/dev/sda ni diski unayoipima, na hiyo 60 ni sekunde. Usiipunguze ovyo unapochunguza uandishi wa kawaida wa faili. Data hukaa kwanza kwenye RAM, na kwa mpangilio wa kawaida kerneli huihesabu kuwa imechelewa baada ya sekunde 30 (dirty_expire_centisecs ni 3000). Kipimo cha sekunde 10 kinaweza kuisha kabla data haijaondoka kwenda diskini.

Ukimaliza utaona faili moja kwa kila CPU: kipimo.blktrace.0, kipimo.blktrace.1 na kuendelea. blktrace ikikuambia kuna matukio yaliyodondoka, tupa kipimo hicho, maana ombi lisilo na mwisho wake linaharibu hesabu zote. Rudia kwa bafa (hifadhi ya muda kwenye RAM) kubwa zaidi: `-b 2048 -n 8`. Piga hesabu ya RAM kwanza, kwani bafa hizo ni za kila CPU: KiB 2048 mara 8 ni MiB 16, na seva ya CPU 16 itahitaji MiB 256.

Sasa unganisha faili hizo na uzisome:

blkparse -i kipimo -d kipimo.bin > kipimo.txt

Huu ni mfano wa ombi moja la MySQL:

8,0 3 41 0.002113450 1187 Q WS 7340032 + 32 [mysqld]
8,0 3 44 0.002131007 1187 D WS 7340032 + 32 [mysqld]
8,0 3 45 0.009873112 0 C WS 7340032 + 32 [0]

Kutoka kushoto: kifaa, CPU, namba ya mfuatano, muda kwa sekunde, PID, tukio, aina ya ombi, sekta ya kuanzia na idadi ya sekta. Sekta hapa huhesabiwa kwa baiti 512 hata kama diski ina sekta za 4096. Kwa hiyo 32 ni KiB 16, yaani ukurasa mmoja wa InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL. W ni kuandika, S ni kwamba kuna anayesubiri jibu. Q ni ombi kufika, D ni kukabidhiwa kiendeshi (driver) cha diski, C ni kukamilika. Kwenye mstari wa C mabano ya mwisho hayana jina la programu bali namba ya kosa. Ikiwa si 0, nenda kasome dmesg (ujumbe wa kerneli) kabla ya kuendelea.

Sasa toa muda wa tukio moja kwenye muda wa linalofuata. Q hadi D ni mikrosekunde 17.6. D hadi C ni milisekunde 7.7. Kerneli haina hatia hapa, muda wote umeliwa na diski. Kwa diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hilo ni jambo la kawaida, kwani mzunguko mmoja tu ni milisekunde 8.3. Kwa SSD ni tatizo la kufuatilia.

Maelfu ya mistari hayasomwi kwa macho, kwa hiyo:

btt -i kipimo.bin

D2C ni muda wa kutoka D hadi C, na majina mengine ni vivyo hivyo: G ni ombi kupata nafasi, I ni kuingizwa foleni. Linganisha D2C na Q2C. D2C ikikaribia Q2C, tatizo ni diski au kilicho nyuma yake. Q2G ikiwa kubwa, maombi yanasubiri nafasi, angalia /sys/block/sda/queue/nr_requests. I2D ikiwa kubwa, angalia queue/scheduler, yaani mpangaji wa foleni. Na usiridhike na safu ya AVG. Malalamiko ya watumiaji mara nyingi yamo kwenye MAX.

Usishangae pia kuona [kworker], mfanyakazi wa kerneli, badala ya programu yako. Uandishi unaopitia RAM hupelekwa diskini na kerneli yenyewe, na [jbd2] ni jarida la mabadiliko la ext4, mfumo wa faili wa Linux. Usomaji usioonekana kabisa ulijibiwa kutoka RAM, haukufika diskini.

Usiiue blktrace kwa `kill -9`. Ukifanya hivyo ufuatiliaji unabaki wazi ndani ya kerneli, na jaribio linalofuata linakataliwa kwa madai kwamba kifaa kina shughuli. Ufunge kwa `blktrace -d /dev/sda -k`, kisha anza upya.