Ukisimamishwa ugenini: shika karatasi, hesabu siku

Bahasha mbili zilinifikia siku moja, miezi minane baada ya safari. Nilidhani ya pili ni nakala ya kwanza. Nilipozilaza mezani sambamba, nikaona kilichotofautiana ni saa tu: moja 18:42, nyingine 18:57. Gari ni lile lile nililokodi, lango ni lile lile la mji mkongwe wa Italia, na dereva ni mimi, niliyekuwa nikizunguka kutafuta hoteli. Kumbe nilikuwa nimeingia eneo la ZTL, ambalo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kupita, na wakati huo kila ulipopita chini ya kamera lilihesabiwa kosa jipya. Robo saa, faini mbili.

Mimi ni fundi wa mitambo ya kuchapisha. Wateja wametawanyika nchi nyingi na sanduku langu la vifaa ni zito, basi huwa nakodi gari. Nimesimamishwa na askari wa barabarani mara nyingi, nimepigwa tochi kwa haki kabisa, na mara kadhaa nimelipa zaidi ya nilichostahili kulipa. Karibu kila nilipolipa zaidi, chanzo kilikuwa karatasi niliyoiweka pembeni nikisema nitaisoma kesho.

Kabla ya kuwasha gari

Leseni ya kimataifa, kile kijitabu chenye jalada la kijivu, ni tafsiri tu ya leseni yako. Ukiibeba peke yake huna leseni. Tena ziko za aina mbili: ya Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka 1, na ya Mkataba wa Vienna wa 1968 hufika hadi miaka 3, mradi leseni yako ya nyumbani haijaisha muda. Japani inakubali ya 1949 tu. China haikubali yoyote. Ulizia mapema nchi unayokwenda inataka ipi, maana kwa kawaida kijitabu hicho hutolewa katika nchi iliyokupa leseni. Ukikikumbuka uwanja wa ndege wa huko ugenini, umechelewa. Wale wanaouza "leseni ya kimataifa" mtandaoni kwa dakika tano wanakuuzia karatasi.

Kama unavuka mpaka na gari lako mwenyewe, hakikisha bima inavuka nawe: Kadi ya Njano kwa nchi zilizo katika mpango wa COMESA, Kadi ya Kijani kwa Ulaya. Kama gari ni la kukodi, jina la kila atakayeshika usukani liwe kwenye mkataba.

Karatasi zote hizo naziweka katika faili moja ya plastiki, kwenye mfuko wa mlango wa dereva. Zamani niliziweka kwenye kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria. Nieleze kwa nini nilihama.

Taa zikiwaka nyuma yako

Ilikuwa usiku, Marekani, barabara kuu. Nikaona taa za polisi kwenye kioo, nikawasha indiketa, nikasimama pembeni vizuri. Hadi hapo sina kosa. Kisha, kwa kutaka kuonekana mtu wa adabu aliyejiandaa, nikainama kufungua kisanduku nitoe hati kabla askari hajafika dirishani. Alichoona yeye ni kichwa kimezama na mkono unapekua gizani. Sauti ilibadilika, mkono wake ukashuka kiunoni, nikaambiwa nionyeshe viganja. Dakika ile nilijifunza mambo mengi.

Sasa nafanya hivi. Nasimama mahali salama, nazima injini, nashusha kioo, usiku nawasha taa ya ndani, kisha mikono juu ya usukani, vidole vinaonekana. Sigusi kitu mpaka niombwe, na nikiombwa nasema kwanza: "Leseni iko kwenye mfuko wa mlango huu, naichukua sasa." Sishuki kwenye gari ila nikiambiwa. Ziko nchi ambako kushuka na kumfuata askari ni heshima. Marekani hatua ile ile husomwa kama vitisho. Kubaki kwenye kiti hakukuharibii popote.

Nasalimia, kisha nasikiliza. Askari akiuliza, "Unajua kwa nini nimekusimamisha?", usianze kuungama makosa matatu ambayo hata hakuyaona, mwombe akueleze. Wala usidanganye. (Mimi nikibabaika hutokwa na neno "afande" hata kwa mtu ambaye hajawahi kusikia Kiswahili. Halijawahi kunidhuru, lakini halijanisaidia pia.)

Lugha usiyoielewa, sema huielewi. Kutikisa kichwa kwa heshima ndiko kulikoniponza mara nyingine: niliitikia kila sentensi, nikatia saini, na baadaye rafiki aliponisomea ile fomu tukakuta kisanduku cha "nakubali kosa" kimewekwa alama. Kabla ya kusaini, uliza saini ina maana gani. Katika majimbo mengi ya Marekani ni ahadi tu kwamba utajibu mashtaka au kufika mahakamani. Kwingine ni kukiri. Nikiwa sielewi, naandika kwa mkono wangu kando ya saini kwamba sisomi lugha hiyo.

Pombe naipitia haraka: Hungary na Ucheki kiwango kinachoruhusiwa kwa dereva ni sifuri, wakati Uingereza, ukiacha Scotland, ni gramu 0.8 kwa lita ya damu. Anayepita mipaka mitatu kwa siku moja akitumia hesabu ya kwao anacheza kamari.

Ukikamatwa kweli, si faini tena, una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Imo katika Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa 1963, kifungu cha 36. Lakini usiupigie ubalozi kwa ajili ya tiketi ya mwendo kasi. Hawalipi, hawafuti.

Akikutaka ulipe pale pale

Hapa wageni wengi hukosea kwa pande zote mbili. Wengine hulipa chochote kwa yeyote. Wengine huamini kila askari anayetaja pesa barabarani ni mwizi, wakagoma, gari likazuiwa. Ukweli ni kwamba Ujerumani, Uingereza na Italia, kwa mfano, sheria inaruhusu kumtoza dhamana papo hapo mtu asiye mkazi, kwa sababu akishaondoka ni vigumu kumpata. Italia, gari lenye namba za nje linaweza kushikiliwa hadi ulipe.

Kinachotenganisha halali na haramu ni karatasi. Fomu yenye namba ya mfululizo, kosa limetajwa pamoja na kifungu cha sheria, mahali, saa, kiasi, na risiti ya ulichotoa. Ikiwepo hiyo, lipa au weka dhamana, na upige picha kila ukurasa hata kama huwezi kusoma neno. Isipokuwepo, omba bila kupandisha sauti: "Niandikie, nitalipa kituoni." Nimelisema hilo mara moja kwa mtu aliyekuwa ametaja kiasi kamili kisicho na chenji bila kutaja kosa. Alitazama barabara, akatazama daftari lake, akanirudishia leseni. Na wewe usiwe wa kwanza kutaja "kitu kidogo". Kosa la taa iliyoungua ni dogo. Kumhonga askari katika nchi ya watu ni kesi.

Wakichukua leseni yako, usiondoke bila hati inayosema iko kwa nani na itarudi vipi.

Bahasha

Faini za kamera zina safari yake. Kamera inasoma namba ya gari, namba inaonyesha mmiliki, mmiliki ni kampuni ya kukodisha. Mamlaka iliyotoa faini inaiandikia kampuni, kampuni inataja jina na anwani yako, kisha inakata ada kwenye kadi yako kwa kazi hiyo ya kukutaja. Ada hiyo siyo faini! Mimi nilipoona makato, nikadhani nimeshalipa, nikashusha pumzi. Faini yenyewe ilikuwa bado haijapanda ndege. Italia inaruhusiwa hadi siku 360 kumfikishia taarifa anayeishi nje.

Ukipokea, andika tarehe ya leo juu ya bahasha kwa kalamu na uipige picha pamoja na muhuri wa posta. Muda unaanza kukimbia. Italia, kwa makosa mengi ya kawaida, ukilipa ndani ya siku 5 tangu upokee unapunguziwa asilimia 30. Baada ya hapo una hadi siku ya 60, kisha kiasi kinapanda. Hispania punguzo ni nusu ndani ya siku 20, ila ukilichukua umefunga mlango wa kupinga. Ufaransa faini ile ile ina bei tatu: ya anayewahi, ya kawaida, ya aliyechelewa. Finland ukizidisha mwendo sana wanakokotoa kwa kipato chako, kwa hiyo usimuulize mwenzako alilipa ngapi.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya gari, siku na saa na mkataba wa kukodi. Niliwahi kupokea faini ya saa tisa alasiri kwa gari nililorudisha asubuhi. Nilituma barua ya mistari sita, namba ya kumbukumbu juu, nakala ya stakabadhi ya kurudisha gari ndani, kwa posta ya rejista. Ikafutwa. Huo ndio upinzani unaofanya kazi: jambo moja, ushahidi mmoja. "Mimi ni mgeni, sikuona kibao" haujawahi kunipa hata senti, na nimeujaribu.

Ukilipa kwa benki, andika namba ya kumbukumbu kama ilivyo, na uchague kubeba wewe gharama zote za kutuma. Benki ya katikati ikimega kidogo njiani, upande wa pili inafika pungufu, na pungufu hilo la euro chache linatosha kuacha deni wazi.

Swali ninaloulizwa zaidi: nikiitupa bahasha bila kulipa je? Ndani ya Umoja wa Ulaya, agizo la 2015 linaruhusu nchi kupeana taarifa za mmiliki wa gari kwa makosa kama mwendo kasi, kupita taa nyekundu, simu na mkanda, na utaratibu wa 2005 unawezesha faini kuanzia euro 70 kudaiwa katika nchi nyingine mwanachama. Marekani, kutofika mahakamani ulikoahidi kufika kunaweza kuzaa hati ya kukamatwa. Kwingine deni linakungoja tu, au linapewa wakusanya madeni. Mimi nilidaiwa na kampuni ya namna hiyo miaka 4 baada ya kulipa. Nikatuma picha ya risiti, wakajibu mstari mmoja kwamba faili limefungwa. Risiti ingekuwa imetupwa, ningelipa mara ya pili.

Ujumbe wa simu wenye kiungo cha "lipa faini yako leo" usiubofye. Andika mwenyewe anwani ya tovuti rasmi, weka namba ya taarifa, uone kama ipo.

Mwaka uliofuata mteja yule wa mji mkongwe aliniita tena. Safari hii niliegesha nje ya kuta, nikaburuta sanduku la kilo 23 juu ya mawe ya barabara hadi hotelini, jasho linachuruzika. Dada wa mapokezi akanitazama, akaniuliza kwa nini sikumtumia namba ya gari mapema. Angeipeleka manispaa, ningeingia nalo hadi mlangoni.