Bonasi ya kazini imeingia, ianzie wapi kabla haijayeyuka

Kwanza kabisa usipige mahesabu kwa ile namba iliyo kwenye barua ya HR, hiyo ni kabla TRA, yaani mamlaka ya mapato Tanzania, hajapita. Bonasi inajumlishwa na mshahara wa mwezi huo halafu inakatwa PAYE, ile kodi ya mshahara, na kama mshahara wako unaokatwa kodi tayari umevuka milioni 1 kwa mwezi basi bonasi yote inaangukia kwenye asilimia 30. Yaani kwenye milioni 2, laki 6 imeondoka hivihivi. Kuna watu wanaagiza sofa kabla hawajaiona slipu, aisee.

Ikishaingia usiitangaze. Ya nyumbani itenge mapema na uitume mwenyewe kabla hujapigiwa simu, maana ukisubiri kuombwa kiasi anapanga muombaji.

Sasa madeni, na hapa ndo pesa nyingi inaokolewa. Anza na kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa, ile ya kuacha kadi ya benki au ya app, halafu Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, na ndugu zake. Chukulia umekopa laki 5 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba peke yake ni laki 1 kila mwezi na deni liko palepale, hakuna uwekezaji halali utakaokulipa hivyo, kwa hiyo kumaliza hilo deni ndo uwekezaji wenyewe. Ukilipa dai karatasi ya kwamba umemaliza na kadi yako urudishiwe palepale, usikubali "njoo kesho".

Ila deni la HESLB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, mi nasema liache likatwe polepole. Najua ile asilimia 15 ya basic, yaani mshahara wa msingi, inauma, lakini tangu 2021 serikali ilifuta ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, kwa hiyo halivimbi kama zamani. Lipa lote tu kama huna deni lingine na akiba ipo.

Akiba nayo: lenga matumizi ya miezi mitatu, kodi ya nyumba, chakula, nauli, ada. Bonasi moja huenda isifike huko, anza na ulichonacho. Usiiache kwenye akaunti ya mshahara, kadi iko mfukoni utaila tu. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa hili, unanunua vipande (sehemu yako kwenye mfuko) hata kwa simu na ukitaka kutoa unasubiri siku chache za kazi. Huko kusubiri ndo dawa yenyewe, ila bakiza kidogo kwenye simu, mtoto akiumwa usiku hutasubiri Jumatatu.

Kikibaki cha kuanzia milioni 1 na huna mpango nacho miaka kadhaa, ulizia benki yako hatifungani za serikali (yaani unaikopesha serikali) zinazouzwa na Benki Kuu, BoT, riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Ukibanwa katikati unaweza kuuza sokoni ila bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia, so usiweke hela ya ada.

Kiwanja cha kulipia kidogokidogo ndo mtego wa msimu wa bonasi. Kama rejesho la kila mwezi halitoki kwenye mshahara wa kawaida achana nacho, na kabla ya kutoa hata shilingi nenda ofisi ya ardhi kahakiki.

Ya kula bata itenge siku hiyohiyo na uitoe kabisa cash, ikiisha imeisha.