Kitako cha bunduki ya kizamani: anza kukisoma ndani

Wengi wanaokusanya vitu vya kale hapa Lubumbashi hukagua kitako cha bunduki ya kijeshi, yaani mbao inayobeba chuma chake, kwa nje tu: rangi, mihuri, mikwaruzo. Huko nje ndiko mghushi anakomaliza jasho lake. Ndani huwa hafiki, au hufika akiwa amechoka.

Hatua ya 1: Fungua bila kuharibu
Toa bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu), chungulia chemba anamokaa risasi, kisha ipapase kwa kidole mpaka uhakikishe haina risasi. Bunduki isiyo na kibali usiiguse kabisa. Tumia turnavisi inayojaa vizuri kwenye ufa wa skrubu. Iliyo nyembamba huchubua kichwa, na kichwa hicho ni ushahidi. Usifute vumbi wala kupaka mafuta bado.

Hatua ya 2: Soma mfereji wa mtutu
Huu ni mfereji uliochongwa kwenye mbao ili mtutu ulale ndani yake. Laza torshi ubavuni mwa mbao ili mwanga upite juu juu. Kazi ya kiwandani huacha mikwaruzo ya mashine iliyopangika. Patasi ya fundi wa mtaani huacha mikato isiyolingana. Mbao iliyokaa na chuma chake miaka mingi imelowa mafuta, hasa nyuma karibu na bolti, na imebeba alama ya umbo la chuma hicho. Weusi wa kweli haulingani kila mahali. Weusi uliotandazwa sawasawa, hata pale chuma kisipogusa, ni wa siraji (rangi ya viatu) au permanganati ya duka la dawa. Pima pembeni mwa skrubu: rangi ikiisha milimita moja chini na mbao ikawa nyeupe, huenda mfereji umechongwa juzi.

Hatua ya 3: Mihuri na bamba la kitakoni
Muhuri wa zamani umekandamiza nyuzi za mbao, na kingo zake zimelainika pamoja na mbao inayouzunguka. Muhuri mkali uliokaa juu ya mkwaruzo wa kale umepigwa baada ya mkwaruzo. Kisha pitisha ukucha kutoka kwenye mbao kwenda kwenye bamba la chuma. Ikiwa mbao imeshuka chini ya chuma, imepigwa msasa, na mihuri iliyofifia inaeleweka. Mbao iliyoshuka lakini mihuri yake bado ina kina: hapo simama, huenda imepigwa baada ya msasa. Kwa Kar98k, bunduki ya jeshi la Ujerumani, fungua bamba hilo na utafute namba kwenye mbao, pia ndani ya mfereji, uilinganishe na ya chuma.

Hatua ya 4: Matundu ya wadudu
Hili huwashinda wengi. Ingiza sindano nyembamba katika tundu. Njia ya mdudu hupinda. Tundu la drili huenda moja kwa moja na sindano huzama bila kukwama. Ukiona njia ya mdudu imekatwa kwa urefu, ikabaki kama kijifereji juu ya uso, ujue mbao ilichongwa tena baada ya kuliwa. Mara nyingi hiyo ni fanicha ya zamani iliyogeuzwa kitako.

Hatua ya 5: Usiogope kila kioja
Kitako cha Arisaka ya Japani kimeunganishwa vipande viwili kiwandani. Mstari ule si mpasuko uliotengenezwa. Lee-Enfield ya Uingereza ina mbao ya begani na mbao ya mbele zilizotengana, na viraka nadhifu vya mafundi wa jeshi ni vya kweli. Mauser ya Ubelgiji ya 1889 mtutu wake umevikwa koti la chuma, hivyo mfereji wake ni mpana. Ukikuta mtutu mwembamba unacheza ndani ya mfereji huo, vitu viwili vimekutanishwa.

Hatua ya 6: Taa ya kambisti
Gizani, washa taa ya zambarau (UV) ambayo makambisti, wabadilisha fedha, hukagulia dola. Gundi na vanishi za kisasa mara nyingi hung'aa. Vanishi ya kale ya lakisi (shellac) hutoa rangi ya chungwa. Mng'ao ukiwa kwenye ufa mmoja tu, kuna ukarabati, na huo haufanyi kitako kuwa bandia. Ukijaa ndani ya mfereji wote, rudi hatua ya 2 na utazame upya.