Rula moja, mikono miwili: pima mwendo wa neva zako

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanakariri kwamba ujumbe kwenye neva husafiri "haraka sana". Haraka kiasi gani? Kimya. Basi nawatoa nje, chini ya mwembe, kila wawili na rula ya sentimita 30.

Mwenzako aishike rula kwa juu, ining'inie wima, sifuri ikiwa chini. Wewe acha kidole gumba na cha shahada wazi, kimoja huku na kimoja huku ya sifuri, bila kuigusa. Aiachie bila kukuambia. Idake, kisha soma alama iliyo juu ya gumba. Rudia mara tano uchukue wastani, maana ile ya kwanza huwa ya woga. Ukidaka kwenye 10, umetumia sekunde 0.14. Kwenye 20, sekunde 0.20. Ikikupita yote, umezidi robo sekunde.

Kuna kijana alidaka kwenye 4 mara mbili mfululizo, darasa zima likampigia makofi. Sekunde 0.09! Nikasogea kuangalia. Mwenzake alikuwa anakaza midomo kila anapotaka kuachia, na yeye alikuwa anatazama midomo, si rula. Nikamgeuza mwenzake akampa mgongo, rula ameinyoosha pembeni. Bingwa akadaka kwenye 19.

Sasa muda huo unaliwa wapi? Neva za mkono hupeleka amri kwa misuli kwa takriban mita 50 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka shingoni hadi vidoleni hata sekunde 0.03 haifiki. Sehemu kubwa inaliwa na jicho na ubongo. Hakikisha: fumba macho, mwenzako akuguse bega papo hapo anapoachia. Wengi hudaka mapema zaidi, kwa sababu jicho huchukua muda kuugeuza mwanga kuwa ujumbe.

Na msifikirie waya wa umeme. Kwenye neva, chembe za sodiamu zenye chaji huingia ndani ya utando, za potasiamu zikatoka, na kila kipande kinakiamsha kinachofuata. Neva zenye kasi zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mielini, yenye mapengo, na ujumbe huruka pengo hadi pengo. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliupima mwendo huo kwenye neva ya chura mwaka 1850, akapata kama mita 27 kwa sekunde. Mwalimu wake, Johannes Müller, alikuwa ameona kitu hicho hakitapimika. (Nawakumbusha wanafunzi hilo, halafu najuta wiki nzima.)

Tumieni rula ya plastiki. Ya chuma ilimponyoka mwanafunzi ikaniangukia kidole cha mguu, nami nimevaa ndala. Ila somo likanoga. Maumivu huja kwa njia mbili: nyuzi zenye mielini nyembamba huleta ule mchomo mkali wa kwanza, nyuzi zisizo na mielini hutembea kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na kikapu. Kutoka kidoleni hadi kichwani kwangu ni kama mita moja na nusu. Nikawaambia wahesabu. Mchomo: "Uwi!" Moja... na kabla hawajafika mbili, ule uchungu mzito unaochemka ukawa umeshawasili.