Kuunganisha eabrashi na kompresa ya gereji: tredi, presha na maji ya Pwani

Kompresa ya gereji inaendesha eabrashi, ile brashi ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa, vizuri kabisa, na mara nyingine vizuri kuliko zile ndogo za mezani. Nalisema hili kwa sababu vijana wengi wanaotengeneza mabasi ya mfano hapa Tanga hununua eabrashi kwanza, kisha inalala kabatini wakisubiri hela ya kompresa yake. Wakati huohuo ukuta wa pili kuna fundi wa rangi za magari mwenye tangi la lita 50, na jioni tangi hilo halina kazi.

Mimi hutumia kompresa ya shemeji yangu. Ni ile ya mkanda, pampu yake ina oili, tangi linajaa mpaka bar 8 (bar ni kipimo cha presha). Eabrashi inahitaji bar 1 hadi 2 tu, na hewa kidogo mno: takriban lita 15 hadi 20 kwa dakika. Piga hesabu. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bar 8 hadi bar 3 limetoa kama lita 250 za hewa ya kawaida, yaani zaidi ya dakika kumi za kupuliza mfululizo bila mota kuwaka. Na hakuna anayepuliza mfululizo. Kwa hiyo shemeji akifunga kazi, namwomba alijaze tangi, tunazima mota, nami napaka rangi baada ya Isha bila kumsumbua jirani yeyote. Hata umeme ukikatika kazi inaendelea.

Anza na tredi, yaani meno ya kufungia viungio, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopoteza hela dukani. Kompresa za gereji kwa kawaida hutoka na tredi ya robo inchi. Eabrashi nyingi, za Iwata na zile nyingi za Kichina zinazofanana nazo, zina tredi ya moja ya nane ya inchi. Majina haya yasikudanganye ukaenda na rula kutafuta milimita tatu: ni vipimo vya mabomba, havisemi upana wa nje. Tredi dume ya moja ya nane ina upana wa karibu milimita 10, na ya robo ina milimita 13 na kitu. Nenda dukani na kalipa, au bora zaidi, nenda na eabrashi yenyewe mfukoni. Kama yako ni Badger au Paasche, jua kwamba kampuni hizo zina tredi zao, na utahitaji adapta yake maalumu kabla ya jambo lingine lolote.

Kuna mtego mwingine. Tredi za mabomba ziko za Kiingereza, BSP, na za Kimarekani, NPT. Za robo zinakaribiana sana: ya Kiingereza ina meno 19 kwa inchi, ya Kimarekani 18. Kwa hiyo zitaanza kuingiana, mzunguko mmoja, miwili, halafu zinakuwa ngumu. Ukihisi ugumu huo mapema hivyo, weka spana chini. Shaba ni laini. Ukilazimisha utakuwa umeharibu vipande viwili kwa mpigo. Mafundi bomba wetu wanatumia ya Kiingereza, kwa hiyo vifaa vya madukani vingi ni hivyo. Ile nyingine hufika na mashine za mitumba kutoka Marekani.

Mpangilio wangu ni huu. Kwenye kompresa kuna kiungio cha haraka ambacho shemeji anachomekea bunduki yake ya rangi. Sikigusi. Nimenunua dume lake tu, nikalifunga kwenye mpira wa gereji wa mita kumi. Mpira huo unapita chini, juu ya saruji, mpaka kwenye chumba changu. Huko ukutani nimepigilia kipande cha mbao usawa wa kifua, na juu yake kuna filta ya maji yenye bakuli la kuonea, kisha regulata ndogo, kifaa cha kupunguza presha, yenye geji ya bar 0 hadi 4. Baada ya regulata kuna bushi ya kushusha kutoka robo kwenda moja ya nane, ndipo unafuata mpira mwembamba wa eabrashi.

Regulata ya pili si anasa. Ile iliyo kwenye kompresa ina geji ya kufika bar 10 au 12, na sindano yake kati ya 1 na 2 haikuambii kitu. Tofauti ya nusu bar, ambayo kwa gari haionekani, kwa mstari wa milimita moja pembeni mwa basi ndiyo inayoamua kama rangi itakaa au itatawanyika miguu ya buibui.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba izungushe kwenye viungio visivyo na washa yake ya kuziba, mizunguko miwili au mitatu, upande ambao ukikaza inajibana badala ya kufumuka. Jino la kwanza liache wazi, ili uzi wa tepu usikatike ukaingia ndani. Mahali ambapo mpira mwembamba unakutana na eabrashi usiweke tepu kabisa: ndani ya nati kuna oringi, pete ndogo ya mpira, na hiyo ndiyo inayoziba. Kaza kwa vidole, basi. Kipande cha tepu kikubwa kama punje ya mchele kikifika kwenye valvu ndogo iliyo chini ya triga, valvu haifungi tena, na utasikia brashi inapumua muda wote hata hujaigusa.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa nchi za baridi yanalipita jambo hili haraka, na kwetu ndilo linaloharibu kazi kuliko yote. Hewa ya hapa, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hubeba zaidi ya gramu 20 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ukiishindilia mpaka bar 8, nafasi yake inabaki kama sehemu moja ya tisa, na nafasi hiyo haiwezi kushika zaidi ya gramu tatu au nne ikisharudi kwenye joto la kawaida. Zilizobaki lazima ziwe maji. Ni karibu vijiko vinne vya chai, kutoka kwenye mita moja tu ya hewa.

Angalia nilivyosema: ikisharudi kwenye joto la kawaida. Hewa inatoka kwenye pampu ikiwa ya moto, na ikiwa moto maji yake bado ni mvuke. Mvuke unapita ndani ya filta bila kunaswa. Ndiyo maana filta iliyofungwa palepale kwenye kompresa, kama wengi wanavyofanya, inabaki kavu na mwenye nayo anafurahi, halafu matone yanajitengeneza huko mbele ndani ya mpira na kutokea puani mwa eabrashi. Acha hewa ipoe kwanza. Zile mita kumi za mpira juu ya saruji zina kazi hiyo, na filta inakaa mwisho wa safari, imesimama wima, kabla ya regulata ndogo wala si baada yake. Maji yanadondoka vizuri hewa ikiwa bado na presha kubwa. Ikishuka baadaye kwenye regulata inatanuka na kuwa kavu zaidi. Msimu wa masika nikipaka jioni moja, chini ya bakuli hukusanyika maji yanayoonekana wazi, na kila tone hapo ni tone ambalo halikufika kwenye rangi.

Tone likipita utalijua. Brashi inakohoa mara moja, na juu ya rangi nyekundu iliyokuwa laini kama kioo kinabaki kiduara chenye ukingo mweusi na katikati peupe. Hicho hakifutiki. Subiri ikauke, piga msasa wa maji, rudia.

Lakini usichanganye kiduara hicho na ukungu. Ukitumia rangi ya thina siku ya mvua, uso mzima unaweza kupauka kama umepakwa maziwa, hata mpira wako ukiwa mkavu kabisa. Ukungu huo hautoki kwenye kompresa: thina inapokimbia haraka inaupoza uso wa rangi, na unyevu wa chumbani unatua juu yake. Filta hata kumi hazitasaidia. Tumia thina inayokauka polepole, au subiri jua lichomoze vizuri, saa nne au saa tano asubuhi, upake wakati huo.

Tangi lenyewe linatolewa maji kila jioni kupitia koki ya chini, likiwa bado na presha kidogo ya kuyasukuma. Yatatoka na rangi ya kutu, na hiyo kutu ni chuma cha tangi. Tangi lililochomelewa kiraka, au linalovuja kwa tundu la sindano, usilikaribie hata ukipewa bure. Valvu ya usalama ivute pete yake uone kama inapumua. Ukikuta imeng'olewa na pale pamezibwa kwa bolti, ondoka.

Kuhusu oili: puliza hewa tupu juu ya kioo safi kwa nusu dakika, kisha kiinamishe kwenye mwanga. Kioo kikiwa na utando unaoteleza, pampu inatupa oili, labda imejazwa kupita alama au ringi zimechoka. Rangi juu ya oili hujitenga na kuacha vishimo vya mviringo. Filta ya maji haimalizi mvuke wa oili, kwa hiyo anayepamba keki asitumie kabisa hewa ya gereji. Huyo atafute kompresa isiyotumia oili.

Kabla ya kufungulia hewa mara ya kwanza, legeza kitasa cha regulata ndogo mpaka kiwe huru. Ukisahau, bar 8 zinafika kwa kishindo kwenye mpira uliotengenezwa kwa kazi nyepesi, na mpira unaweza kuchomoka. Fungulia upande wa kompresa taratibu, kisha paka povu la sabuni kila kiungio, ukiangalia hasa chini ya filta na kwenye bushi. Povu likivimba, kaza au rudia tepu. Jaribio jingine ni kuzima mota na kuangalia geji ya tangi: ikishuka bila mtu kutumia hewa, kuna mahali panavuja.

Presha ipange ukiwa umebonyeza triga, bila rangi kikombeni. Watu wengi huweka 1.5 hewa ikiwa imesimama, kisha wakibonyeza inaanguka, wanashangaa rangi inatoka punje punje. Hewa ikitembea ndipo geji inasema kweli. Na kila mara panda kutoka chini: ukitaka kupunguza, shusha chini ya unapotaka, toa hewa kwa triga, halafu panda polepole mpaka kwenye namba. Kwa mistari ya mkono na wino mwepesi mimi hukaa karibu na bar 1. Kwa rangi ya msingi ya bodi nzima, na nozo (tundu la kutokea rangi) ya milimita 0.3, huwa 1.5, yaani kama 22 kwa geji ya psi. Rangi ikigoma kutoka, usikimbilie kuongeza presha. Izimue kwanza. Presha kubwa huikausha rangi hewani na uso unakuwa wa vumbi.

Wengine huniuliza kuhusu kompresa ya friji. Ni kimya kweli, lakini haina tangi wala valvu ya usalama, na hutupa oili yake taratibu mpaka iungue. Kama jirani yako ana ya gereji, sioni sababu.

Jambo moja kuhusu rangi. Ukishaunganishwa na gereji, utapewa masalia ya rangi za magari, na zile za kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha rangi, zinang'aa sana. Hadina hiyo ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huumiza mapafu na zinaweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au karatasi haizuii chochote. Shemeji anapuliza hizo nje, uwanjani, akiwa na vifaa vyake. Chumbani, penye meza na kitanda, mimi hupiga akriliki ya maji tu, tabaka nyembamba nyembamba, dirisha wazi na barakoa ya vichujio usoni. Kwa basi la urefu wa mkono inatosha kabisa.